Ruhusa ya Jumatano

Kwa miaka kumi na moja nilikuwa matroni wa mabweni ya wasichana katika shule moja kubwa ya sekondari mjini Kyela, shule ya mchanganyiko, wavulana na wasichana, yenye wanafunzi wa bweni na wa kutwa. Katika miaka hiyo yote nilisifika kwa jambo moja: hakuna msichana aliyewahi kunidanganya akapita getini. Zamani nilijivunia sifa hiyo, tena mbele ya wazazi. Siku hizi nikiikumbuka natamani ningekuwa matroni mzembe, mmoja wa wale wanaosinzia mchana na kusahau funguo mlangoni.

Shule yetu ilikuwa mji ndani ya mji. Asubuhi wa kutwa waliingia kwa mafungu, wa mjini wakiwa wamepiga pasi, wa Ngana na Busale wakiwa wamebeba viatu mkononi na matope yamewapanda hadi magotini, maana kwetu mvua haina adabu, inanyesha hata mwezi ambao wengine wanauita kiangazi. Wale ambao kwao kulikuwa mbali zaidi, huko mwambao wa ziwa, wazazi waliwapangishia vyumba mjini. Vyumba hivyo tuliviita mageto. Walijipikia wenyewe kwa mkaa, na Ijumaa jioni walirudi kwao kufuata mchele na samaki. Wa bweni walibaki kwangu, nyuma ya uzio wa michongoma, wakiwaonea wa kutwa wivu kwa uhuru wao, na wa kutwa wakiwaonea wa bweni wivu kwa taa za kujisomea.

Kati ya makundi hayo mawili kilipita kila kitu: vitumbua, barua za mapenzi, sabuni, viatu vya kuazimana. Lakini zaidi zilipita habari. Ng'ombe akifa Ipinda jioni, asubuhi bweni zima lilijua kabla uji haujaiva. Mimi nilipambana na upitishaji huo kwa nguvu zangu zote, na nakiri kwamba nilishindwa miaka kumi. Mwaka wa kumi na moja ndipo nilipofaulu, na huko kufaulu ndiko ninakotaka kukueleza.

Alikuwapo msichana wa kidato cha nne, anatoka pwani ya Matema. Mama yake alikuwa Mkisi, mfinyanzi wa vyungu kama wanawake wengi wa upande ule. Baba alikwenda Chunya kutafuta dhahabu mtoto akiwa darasa la pili, akaipata au akaikosa, hatujui, ila hakurudi. Mama akabaki na watoto wawili, huyu binti na kaka yake mkubwa aliyekuwa akifanya kazi Tunduma. Binti alikuwa mtulivu, mwenye maneno machache, na kwa matroni mwanafunzi mwenye maneno machache ni wa kuchungwa mara mbili. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikifikiri.

Siku za kutembelewa mama yake alikuja na mbasa, samaki wa ziwa letu, wa kuokwa aliyefungwa kwenye majani ya mgomba. Mimi ni Mnyakyusa wa Busale, yeye Mkisi. Tulisalimiana kwa Kinyakyusa, yeye akipiga magoti na mimi nikipiga magoti, kila mmoja akikataa kuinuka wa kwanza, mpaka wasichana wakaanza kucheka pembeni. Baada ya hapo aliniuliza swali lake moja, lilelile kila safari: anasoma? Nikamjibu anasoma. Akasema ndaga, yaani asante, na mazungumzo yetu yakawa yamekwisha. Jambo lake lingine lilikuwa kuomba aonyeshwe kitanda. Alikaa kwenye kitanda cha binti yake dakika chache, akabonyeza godoro, akatazama dirisha liko wapi. Nilipomuuliza kwa nini, aliniambia kwamba akiwa kwao jioni anapenda kujua mtoto amelala wapi hasa. Nilimpenda mama yule, na sikuwahi kumwambia.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, wiki ya pili ya mtihani wa taifa. Joto la Kyela mwezi ule linakufanya utamani kuvua ngozi. Watahiniwa walikuwa wamebakiza siku tano. Jumatatu asubuhi, wakiwa ndani ya chumba cha mtihani, mkuu wa shule aliniita ofisini. Nilimkuta na mwalimu wa taaluma na mwanamume mmoja mwenye koti lililojaa vumbi la safari. Alikuwa mjomba wa yule binti, ametoka Matema kwa pikipiki alfajiri. Dada yake, mama wa binti, alikuwa ameugua presha siku tatu tu, akafariki Jumapili asubuhi. Maziko yangekuwa Jumatano saa tisa alasiri, ili kaka wa Tunduma awahi.

Nilianza kulia palepale. Mkuu wa shule alininyamazisha kwa mkono, si kwa ukatili, ila kwa sababu ukuta wa ofisi ulikuwa mwembamba na chumba cha mtihani kilikuwa jirani.

"Marehemu alisema mtoto asiambiwe mpaka amalize," mjomba alisema. "Ndugu tumekaa, tumekubaliana. Tunaomba mtusaidie."

Nilimuuliza alisema lini. Mjomba akatazama kofia yake, akasema Alhamisi, alipoanza kuumwa. Basi nikaelewa, na naamini sote mle ndani tulielewa, kwamba marehemu alikataza mtoto asiambiwe kuwa mama yake anaumwa. Hakuwa ametuma neno lolote kuhusu kufa. Lakini hakuna aliyelisema hilo. Mwalimu wa taaluma alieleza kwamba binti ni mmoja wa wale wanaotegemewa, kwamba mtihani huu haurudiwi kirahisi, na kwamba mtoto akilia Jumatatu hawezi kuandika Jumanne. Mkuu wa shule akasema kilio hakina haraka, kitamsubiri hadi Ijumaa. Mjomba alikubali kwa kichwa. Alikuwa amechoka sana yule bwana, na nadhani alifurahi kukuta watu wanaojua la kufanya.

Kisha wote wakanigeukia mimi. Siri ilikuwa na tundu moja tu la kuvujia, nalo lilikuwa kwenye uzio wangu. Nikasema niachieni.

Hapo ndipo nilipojiona mtu wa maana. Watu hatupendi kulisema, lakini katika msiba kuna wanaolia na kuna wanaopanga, na sisi wapangaji huwa tunapata nafuu fulani ya aibu. Niliufuta uso wangu, nikaenda kazini. Nilikusanya simu zilizofichwa bwenini, na usiniulize nilijua vipi zilipofichwa. Nilimwambia mlinzi wa getini asipokee ujumbe wa mtu yeyote kutoka upande wa ziwa. Kisha nikawatafuta wanafunzi wa kutwa wanaotoka kijiji kile. Walikuwa watatu tu, wote wasichana, wote wa kidato cha tatu, wanaishi geto moja nyuma ya soko. Walikuwa wamerudi kutoka kwao asubuhi ileile, macho yamevimba.

Niliwafungia stoo yangu, kati ya magodoro na madumu. Walimwita yule binti dada, na kwa kweli alikuwa kama dada yao. Ndiye aliyewafundisha hesabu, ndiye waliyekula naye kila siku mchana kwenye benchi mbele ya bweni. Niliwaeleza uamuzi wa wakubwa. Nikawatolea Biblia yangu, kila mmoja akaweka mkono, akaapa kwamba hatatamka neno la msiba ule mbele ya dada yao mpaka Ijumaa. Mdogo wao aliuliza kama ingekuwa bora wasije kabisa kwenye benchi. Nikamwambia hapana, wakiacha kuja ghafla atashtuka. Waje kama kawaida, wale kama kawaida, wazungumze habari za masomo. Nilidhani hiyo ilikuwa akili kubwa.

Walishika kiapo. Nataka hilo liandikwe vizuri, maana baadaye mwalimu mmoja aliwasingizia. Hawakutamka neno.

Jumanne mchana nilisimama kwenye dirisha la stoo kuwachunga. Binti alitoka kwenye mtihani wa asubuhi, akachukua sahani yake ya makande, akaketi kwenye benchi lake na daftari mapajani. Wale watatu wakaja na sahani zao. Akasogea kuwapa nafasi, kama siku zote. Nilikaza macho kwenye midomo yao. Walimsalimia. Alijibu. Wakasimama kidogo, wameshika sahani. Kisha yule mkubwa akakaa chini, si kwenye benchi, chini, kwenye udongo mweusi wenye unyevu, akanyoosha miguu. Wa pili naye akakaa. Wa tatu akaweka sahani yake pembeni, akakaa, akainamisha kichwa.

Mimi niliona sketi. Ndivyo ilivyokuwa, sitajitetea. Niliona sketi tatu za shule zikiingia matope, nikapaza sauti kutoka dirishani kwamba sare si tambara la kudekia, wainuke mara moja. Waliinuka kama waliochomwa, wakaketi kwenye benchi. Nikatazama midomo tena. Hakuna aliyekuwa akiongea, nikaridhika.

Kwetu, mwanamke akiingia mahali alipo mfiwa hasimami juu yake. Hata kabla hajatoa pole, hata kama kuna kiti, anashuka chini na kukaa. Kukaa huko ndiko pole yenyewe. Maneno ni nyongeza. Mtoto wa kike analijua hilo kabla hajajua kusoma, kwa sababu amekwenda misibani mgongoni mwa mama yake. Wale watatu niliwaapisha midomo, wakaitunza midomo. Lakini walipofika mbele ya dada yao aliyefiwa na mama, miguu yao ilikataa kukaa naye benchi moja. Hawakufanya makusudi. Nadhani hawakujua kama wamefanya, mpaka nilipowafokea.

Na yeye aliwaona. Aliyekuwa dirishani, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, aliyekaa chini misiba mingi kuliko anavyoweza kuhesabu, hakuona kitu. Binti wa miaka kumi na minane alitazama watoto watatu wakikaa kwenye udongo mbele yake, akajua kwao kumekufa mtu. Walipoinuka kwa kelele zangu na wala hawakubisha, wala hawakucheka kama walivyozoea, akajua ni nani, maana nyumbani kwake alikuwa amebaki mama peke yake. Alimaliza makande yake. Nilimwona akiosha sahani.

Jumatano asubuhi alifanya mtihani. Saa tano na nusu alikuja kwangu na daftari la ruhusa.

Alikuwa amevaa sare safi na viatu vya kutokea. Alisema jino linamuuma tangu juzi, anaomba kwenda hospitali, atarudi kabla ya giza. Chini ya kwapa alikuwa na kitenge kilichokunjwa. Nikamuuliza cha nini. Akasema cha kufunika shavu, upepo wa njiani unamzidishia maumivu. Nilitazama nje. Karibu na geti palikuwa na pikipiki, dereva ameketi juu yake anatazama upande wetu.

Mtu aliyekuwa matroni wa shule ya mchanganyiko ananielewa. Msichana, kitenge cha kufunika sare, pikipiki inayongoja: hilo ni jambo moja tu, nimelikamata mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kulifundisha. Moyo ulinichemka. Nilifikiria mama yake aliyelala mochwari, na mimi niliyekesha na siri yake, na huyu mtoto anataka kwenda kwa mwanamume katikati ya mtihani. Nilimwambia afungue mdomo. Nikachukua tochi, nikammulika. Alinionyesha jino la nyuma kabisa, upande wa kushoto. Meno yake yalikuwa meupe, mazima, hata doa hakuna. Nikamwambia jino lako halina ugonjwa, na wewe unajua halina.

Alifunga mdomo, akakibana kitenge chake. Na mimi ningeishia hapo, lakini nina ulimi, na siku ile niliuachia.

"Mama yako anafinyanga mpaka vidole vinapasuka," nilimwambia. "Hakukuleta hapa kutafuta wanaume. Anakungoja urudi na cheti."

Alinitazama. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka macho yale yalisema nini, na kila mara naweka maneno yangu mwenyewe, kwa hiyo nimeacha. Alisema, "Hapana, Matroni." Nikampa vidonge viwili vya panadoli na kikombe cha maji, nikamwamuru avimeze mbele yangu. Akameza. Akasema ndaga. Akarudi bwenini na kitenge chake, na mimi nikaandika kwenye daftari kwamba amekaguliwa, ni mzima, hakuruhusiwa. Baada ya dakika chache nilisikia pikipiki ikiondoka. Nilimwambia mlinzi kwamba leo nimeokoa mtoto wa watu.

Saa tisa alasiri nilipita bwenini. Wenzake walikuwa wakijisomea. Yeye alikuwa amelala kitandani kwake, amejifunika kitenge gubigubi, na joto lile. Nikasema moyoni, amenuna.

Alhamisi alifanya mtihani. Ijumaa alifanya wa mwisho. Saa tano watahiniwa walitoka wakipiga vigelegele, wakirusha vitabu, wakisainiana mashati, wavulana kwa wasichana. Tulimwita ofisini. Mjomba alikuwepo, na shangazi yake mmoja, na mkuu wa shule aliyekuwa amejiandaa na maneno ya Mungu. Tulikuwa na maji ya kunywa mezani, na mimi nilisimama nyuma yake tayari kumdaka akianguka.

Mjomba alianza kwa mbali, kama inavyotakiwa, kwamba dunia hii sote ni wapitaji. Binti akamwacha afike mwisho wa sentensi. Kisha akasema, "Najua, Mjomba. Nimejua tangu Jumanne."

Ndipo akalia. Alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ndani ya shule, na kelele za vigelegele huko nje zilikatika. Mkuu wa shule alinitazama mimi kwa hasira, akidhani nimevujisha. Niliapa kwa jina la Mungu. Mwalimu wa taaluma akawataja wale watatu. Binti, katikati ya kilio, akatikisa kichwa, akasema hakuna mtu aliyemwambia, wasiguswe. Zaidi ya hapo alikataa kueleza.

Nilipewa kazi ya kumsindikiza. Tulipanda gari la shule, yeye na shangazi yake katikati, mimi dirishani, tukapita Ipinda, mashamba ya mpunga, vibanda vya kakao iliyoanikwa, mpaka milima ikasimama mbele na ziwa likaonekana. Njiani nilikuwa bado najipongeza kidogo, naona aibu kulisema, kwamba angalau mitihani imekwisha salama.

Pale nyumbani wanawake walimpokea kwa kilio, wakambeba hadi nyuma ya nyumba. Nilifuata. Kaburi lilikuwa limesakafiwa. Kaka yake alipewa ruhusa ya siku tatu tu kazini, akaona aache kazi imekamilika, udongo usije ukatitia kwa mvua. Alhamisi wakamwaga zege, wakalisawazisha vizuri. Alifanya kwa mapenzi. Lakini kwetu mtoto hutupa udongo kwa mkono wake juu ya mzazi wake, na pale hapakuwa tena na udongo wa kutupa. Binti alizunguka kaburi lile mara moja, akitafuta pembeni. Aliinama, akaweka kiganja juu ya saruji. Ilikuwa bado na joto la jua. Shangazi yake alimwinua.

Niseme hapa habari za matokeo, ili nisizirudie. Yalipotoka, alifaulu, tena vizuri, na sasa anasomea uuguzi. Katika kikao cha walimu mkuu wa shule alimtolea mfano, akasema mnaona, tungemwambia tungemharibia. Watu walipiga makofi. Huenda ni kweli. Sijui kupima kitu kile na kitu hiki, na kila anayedai anajua namwogopa. Mwaka uliofuata niliomba kuacha kazi ya bweni. Nililima mpunga kabla ya shule, na sasa nalima tena.

Lakini nirudi Matema, Ijumaa ile alasiri. Wanawake walitutandikia mkeka kwenye kibaraza, mimi na yeye, wakatuacha kidogo ili wageni wengine wapokelewe. Alikuwa amejifunga kile kitenge. Alikitazama, akakishikashika ukingo wake, akaniambia bila kunigeukia kwamba pikipiki ya Jumatano waliiita wale wadogo zake watatu alipowaomba, bila wao kutamka neno, kwa sababu yeye hakuwa na simu. Dereva alikuwa mtu wa kijijini, alikuwa anakwenda mazikoni. Kupitia uzio alikuwa amemtajia saa ya maziko, akamhakikishia kwamba kufika saa nane wangekuwa wamefika, wakichelewa sana saa nane na nusu. Wangezika, angetupa udongo, angerudi kabla ya giza, na mtihani wa Alhamisi angeufanya.

Nilihesabu kichwani masaa yale, moja baada ya jingine. Yalitosha. Yalitosha tangu Jumatatu tulipokaa ofisini, watu wazima wanne, na hakuna hata mmoja wetu aliyeyahesabu. Tulikuwa tumeamua kwamba ni ama mtihani ama mama, na mtoto peke yake ndiye aliyekaa akaona kwamba vyote viwili vinaingia kwenye siku moja.

Akanieleza na habari ya wale watatu kukaa chini. Nilimwomba msamaha kwa neno la wanaume, nikashindwa kulitaja vizuri, nikasema tu, lile neno. Nikamwomba msamaha kwa kumsemea mama yake kana kwamba yu hai. Alisema hilo lilimuuma zaidi, lakini pia kwamba kwa dakika moja alifikiri pengine amekosea, pengine mama yupo. Halafu akawakumbuka wadogo zake kwenye udongo.

Nilikuwa nalia mimi sasa, si yeye. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia ukweli. Kwa nini alikuja na jino, akaniacha nimulike na tochi kama mjinga, badala ya kusema Matroni, mama yangu anazikwa leo.

Aligeuka akanitazama. "Ningekwambia hivyo, ungeniruhusu?"

Wanawake walikuwa wakiimba nyuma ya nyumba. Ningeweza kumdanganya, na sidhani kama kuna ambaye angenilaumu. Lakini nilijua vizuri ningefanya nini. Ningemshika mkono, ningempeleka kwa mkuu wa shule, tungefunga mlango, tungemwombea, tungempa maji, na geti lingebaki limefungwa.

"Hapana, mwanangu," nilimwambia. "Ningekukatalia."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, bila hasira, kama mtu aliyesahihishiwa hesabu ambayo alikwisha kuifanya mwenyewe.

"Ndiyo maana nilisema jino," akasema.